Kadi ya Kumponya Felista

Nayaandika haya kwa ajili ya mtu mmoja nisiyemjua: aliyepewa vidonge vya mwaka mzima, na sasa, mwezi wa nne, anapanda mlima bila kutweta na kujiambia kwamba yamekwisha. Kaa kidogo, ndugu yangu. Mimi nami niliupanda mlima huo.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji cha ujamaa upande wa Gehandu, mahali ambapo asubuhi mlima Hanang hukaa kichwani mwa kila nyumba. Kwetu ni Masasi, kwenye joto na mikorosho. Nilipopangiwa kazi huku nilikuja na sanduku moja la nguo na nusu ya riwaya katika madaftari. Kabla riwaya haijafika sura ya nane nikawa nimeolewa na katibu wa kijiji, kijana mrefu wa huko huko, jina lake Bura. Rafiki zangu wa Dar es Salaam, wale tuliokuwa tukisomeana maandishi yetu Jumamosi, waliniandikia kuuliza nimempendea nini. Niliwajibu kwamba nimempendea ubao.

Haukuwa mzaha mtupu. Bura aliutengeneza ubao ule kwa mbao za mkokoteni uliovunjika, akausimamisha nje ya ofisi ya kijiji, akaukinga mvua kwa kipande cha bati. Aliugawa safu tatu: Zinazongoja, Zinazoendelea, Zilizokwisha. Kila kazi ya kijiji ilikuwa na kadi yake, iliyokatwa kwenye maboksi ya sabuni na kutundikwa kwenye msumari. Ya haraka ilikaa juu, ya kusubiri ilikaa chini. Watu ambao juzi tu walikuwa wakiishi kila mmoja na kilima chake, sasa walikusanyika asubuhi mbele ya mbao hizo na kubishana lipi litangulie, josho au choo cha shule, ng'ombe au watoto. Wasiojua kusoma walichorewa picha. Mchoraji nilikuwa mimi. Nadhani nilimpenda Bura wakati nikichora jembe la kumi na moja, naye amesimama nyuma yangu akisema, kwa uzito kama wa hakimu, kwamba mpini umepinda.

Ubao ulikuwa na sheria moja kali. Mwaka wa kwanza kikosi fulani kilipalilia maharage yale yale mara tatu. Kila walipomaliza waliirudisha kadi kimya kimya, ili wasipelekwe kubeba mawe ya barabara. Bura akapeleka hoja mkutanoni, ikapita: kadi ikishafika Zilizokwisha hairudi, ila kwa mkutano wa kijiji kizima, na aliyeihamisha asimame mbele ya wote atamke neno moja, "Nilikosea." Tangu hapo hakuna aliyesimama. Choo cha shule kilipobomoka kwa mvua, Mzee Gwandu, aliyeongoza kikosi kilichokichimba, alikuja ofisini kuiomba kadi yake.

"Simama mkutanoni useme, mzee wangu," Bura alimwambia.

"Niseme nini? Niliikosea mvua?"

"Sheria ndiyo hiyo. Vinginevyo kadi inabaki Zilizokwisha."

"Ibaki. Watoto wako wakajisaidie ndani ya kadi."

Kisha akachukua sululu, akakichimba choo upya, yeye na wanawe, siku kumi na mbili, bila kumsemesha mtu.

Kikohozi changu kilianza mwezi wa sita, wakati wa baridi, na kila mtu alikuwa na maelezo yake. Mtu wa Masasi hajazoea ukungu. Mwalimu anakula chaki. Nilikohoa nikifundisha kuzidisha, nikakohoa kanisani, nikakohoa nikimnyonyesha binti yetu Neema hadi akaacha ziwa mwenyewe, kwa sababu kifua cha mama yake kilimtikisa kama gari bovu. Gauni langu la harusi lilinizunguka mara mbili. Mvua za vuli zilipoanza nilitema damu kwenye leso nyeupe, nikaikunja vizuri kabisa, nikaiweka mfukoni, nikamaliza kipindi.

Hospitali ya wamisheni ilikuwa juu Mbulu, nusu siku kwa mkokoteni wa ng'ombe hadi barabara kubwa, kisha basi. Mkokoteni ulikuwa mmoja kwa kijiji kizima. Asubuhi ya safari Bura alikata kadi mpya, akaandika kwa mkono wake: KUMPONYA FELISTA. Akaitundika msumari wa juu kabisa wa Zinazoendelea, juu ya josho. Chini yake akafunga kwa uzi vikadi vidogo: nani atanisindikiza, nani atafundisha darasa langu, nani ataenda zahanati kunichukulia dawa nitakazoandikiwa, nikirudi. Nikamuuliza picha iko wapi kwa wasiojua kusoma.

"Chora," akasema.

Sikujua uponyaji una sura gani. Nilichora mwanamke aliyesimama.

Kama hujawahi kukaa kwenye benchi la kungojea majibu ya makohozi, nitakuambia lilivyo. Ni ubao mrefu uliolainishwa na makalio ya watu wenye hofu. Unamsalimu kila anayeketi, shikamoo kwa wakubwa, na kila mmoja anaitikia huku akikutazama shingoni ili aone umekonda kiasi gani. Kopo la kutemea unalificha ndani ya khanga kama yai. Mlango ukifunguliwa nyote mnanyamaza. Nilipoitwa, mganga aliniambia ni kifua kikuu, kwamba kinapona, na kwamba nitachomwa sindano sitini, kisha nimeze vidonge mwaka mzima bila kuruka hata siku moja. Alisema "hata siku moja" mara mbili na kuliandika kwenye karatasi. Karatasi hiyo ninayo. Nataka ujue kwamba niliisoma.

Wodi ya wanawake ilikuwa na vitanda kumi na sita na madirisha yaliyoachwa wazi kwa amri, hata ukungu ukiingia. Jirani yangu alikuwa Mama Paskali, mkulima wa Nambis, mwembamba kama fito lakini mdomo wake ulikuwa na afya njema. Yeye alinifundisha kugawa makalio.

"Leo upande wa mashariki," alisema Mama Paskali, nesi alipokuja na trei ya sindano, "kesho upande wa magharibi. Usipopanga, wiki ya tatu hutaketi."

"Na mvua ikinyesha?" nikamuuliza.

"Utalala kifudifudi, Mwalimu, kama mchungaji aliyelewa."

Nesi wetu, Mwajuma, aliyehamishiwa hapo na serikali kutoka Kigoma, alicheka hadi sindano ikamtetemeka mkononi, na Mama Paskali akapiga kelele kwamba anauawa na mtumishi wa serikali. Vicheko vile vilikuwa dawa ambayo haikuandikwa popote. Kufikia sindano ya thelathini masikio yangu yalilia kama nyenje mchana kutwa, na sakafu iliinama kila nilipogeuka ghafla. Kufikia ya arobaini nilisikia njaa. Njaa! Niliililia ile njaa kama rafiki aliyerudi kutoka safari. Mama Paskali alinisukumia kipande chake cha kiazi, na mpaka leo sijala chakula kitamu kama hicho.

Nilirudi nyumbani Januari. Mama mkwe wangu alikuwa amemchukua Neema nyumbani kwake ili asiambukizwe, na alinitengea kikombe, sahani na blanketi, vyote vimetiwa alama ya rangi nyekundu. Kila asubuhi alisimama mlangoni, hatua nne nje.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umemeza?"

"Nimemeza."

"Fungua kinywa nione."

Nilifungua kinywa kama mtoto, kwa aibu na hasira. Neema, mgongoni mwake, alinitazama kama mgeni mwenye mazoea mabaya, na siku moja alimwita bibi yake "mama" mbele yangu. Hakuna aliyemsahihisha. Niliingia ndani nikauma mto. Nilidhani mama mkwe ananichukia. Nilichelewa sana kuelewa kwamba mwanamke yule asiyejua kusoma ndiye peke yake kijijini aliyekuwa ameielewa karatasi ya mganga.

Masika ilikuja, nikanenepa. Mahindi yaliota nami nikaota nayo. Nywele zilirudi kung'aa, gauni likanishika kiunoni, nikamaliza sura mbili za riwaya kwa wiki tatu. Jumapili moja ya mwezi wa nne nilipanda kilima cha shule nikiimba na watoto, bila kusimama, na Bura alikuwa chini ananitazama. Alasiri ile ulikuwepo mkutano wa kijiji. Bura alisimama, akaeleza habari za josho, akaeleza habari za mbegu. Akaenda kwenye ubao, akaing'oa kadi yangu kwenye msumari wa juu na kuipeleka Zilizokwisha. Alikuwa na machozi. Wanawake walipiga vigelegele, mtu akachinja kuku, Mzee Gwandu mwenyewe akacheza, na mimi nilisimama katikati ya furaha ile nikiwa na karatasi ya mganga nyumbani chini ya mto, na sikusema kitu.

Msomaji wangu, hapo ndipo. Hakuna aliyenidanganya. Kadi ilipohama, vikadi vyake vidogo vilihama nayo, na aliyekuwa akienda zahanati kuchukua vidonge alipangiwa kazi nyingine, kwa haki kabisa, maana kazi ile imekwisha. Ningeweza kwenda mwenyewe. Vidonge vilikuwa vikiniwasha ngozi na kunitia kichefuchefu. Nilikuwa mzima. Kijiji kizima kilikuwa kimeniambia ni mzima, kwa vigelegele. Mama mkwe alipouliza "Umemeza?" nilimjibu kwamba ubao umesema nimepona, naye akautazama ubao kwa mbali, akaguna, akashika njia yake.

Baridi iliporudi, kilirudi. Mara hii damu haikungoja leso.

Ilikuwa katikati ya mavuno. Bura alinikuta nimeketi kwenye kizingiti, mkono mdomoni, na uso wake ukaisha rangi. Akakimbilia ofisini. Nilimfuata polepole, nikishika uzio, nikamkuta amesimama mbele ya ubao na kisu na kipande cha boksi. Mkokoteni ulikuwa na kadi yake siku tisa mbele: kubeba mahindi ya kijiji kabla mvua ya baridi haijayaozesha.

"Unafanya nini, Baba Neema?"

"Nakata kadi mpya. Kumponya Felista, ya Pili. Ikikaa juu, mkokoteni unaondoka leo."

"Ugonjwa ni ule ule."

"Najua."

"Basi kadi ni ile ile."

Alikuwa akitazama safu ya Zilizokwisha, safu aliyoipenda, ndefu na nzuri, kadi juu ya kadi. Kando ya ofisi walikuwa wameketi watu wa kikosi cha mavuno wakingoja mkokoteni, na Mzee Gwandu katikati yao, akinoa panga taratibu.

"Ndugu Katibu," mzee akasema bila kuinua kichwa, "nami ningekata kadi mpya ya choo. Hukunipa kisu."

Bura aliweka kisu chini. Akaiendea reli iliyotundikwa kuwa kengele ya shule na kuipiga mwenyewe, watu wakatoka mashambani na mifuko yao. Ulikuwa mkutano mfupi. Alisimama mbele ya majirani zake, mtu aliyekuwa na jibu la kila swali, na kwa muda nilimsikia akipumua kwa shida kuliko ninavyopumua mimi.

"Ndugu zangu," akasema. "Kadi ya mke wangu niliihamisha mimi. Nilimwona akipanda kilima, nikafurahi. Sikumuuliza mganga. Nilikosea."

Hakuna aliyepiga makofi. Nikasimama nami, kwa shida.

"Mimi nilijua," nikasema. "Nilikuwa na karatasi. Nilinyamaza kwa sababu mlifurahi. Nilikosea."

Mama mkwe wangu alikuja, hatua zile nne akazivuka, akanishika kiwiko ili nisianguke. Ndipo Mzee Gwandu akasimama, akafuta panga kwenye suruali yake.

"Choo," akasema. "Nilichimba futi tano nikaandikisha kumi. Mvua haikuwa na kosa. Nilikosea."

Kicheko kilichotoka hapo kilivunja kitu. Mama mmoja akasimama: matuta ya shamba la juu hayakuisha, yaliishia kwenye jiwe kubwa. Mwingine: josho linavuja tangu Pasaka. Mwenye zamu ya kukata nyasi za paa la ghala akasema zile nyasi hazikuwahi kukatwa kabisa, zilipandishwa kwenye ubao tu. Bura alipokea kadi moja baada ya nyingine na kuzirudisha, bila kumkemea mtu, na alipomaliza, safu ya Zilizokwisha ilikuwa na kadi nne. Lakini kadi yangu ilikuwa juu kabisa, na mahindi yakawekwa chini yake. Watu waliyabeba kwa vichwa siku tisa zile. Maksai walifungwa nira, nikalazwa kwenye mkokoteni juu ya majani ya mahindi, na Bura akatembea kando yangu hadi barabarani akinishika mguu.

Mganga alinisikiliza kifua.

"Nani alikuambia umepona?"

"Ubao," nikasema.

Hakucheka. Alieleza kwamba ugonjwa uliokatishiwa dawa hurudi umejifunza ujanja, kwamba sasa itakuwa sindano sitini tena, na vidonge mwaka mmoja na nusu, na kwamba ukirudi mara ya tatu hakuwa na hakika kama ataweza kuuponya. Bura, nyuma yangu, aliomba kalamu, akayaandika yote, akasoma kwa sauti ili asahihishwe. Kitandani kwa Mama Paskali alilala mtu mwingine. Nilimuuliza Nesi Mwajuma kwa macho. "Yuko Nambis analima," akanijibu. "Ameniletea viazi wiki iliyopita." Nikalia hadi wakaniletea maji.

Sitakusimulia sindano zile sitini. Mashariki, magharibi, unajua sasa. Nitakusimulia kile Bura alichofanya na ile kadi. Alipiga misumari kumi na minane kwenye ukingo wa ubao, mmoja kwa kila mwezi wa vidonge, kadi ikawa inashuka msumari mmoja tu kila niliporudi kutoka zahanati na karatasi iliyopigwa muhuri. Mtu akiniona nacheka na kusema "Mwalimu sasa amepona," Bura alimwonyesha ubao. Mama mkwe hakuhitaji misumari. Aliendelea kusimama mlangoni, na sasa nilikifungua kinywa kabla hajaomba. Makohozi yalipokuwa safi kwa mara ya pili, alimweka Neema chini kwenye uwanja wangu, akageuka kuangalia kuku kwa makini sana, akituacha. Mtoto alinizunguka mara tatu. Kisha akaniuliza kama mimi ndiye yule wa kwenye kadi.

Vuli mbili zilipita, na baridi moja katikati yake niliyoilala na kuiamka nikisikiliza kifua changu kama mtu anayesikiliza mlango. Kulikuwa na asubuhi nilizotaka kuvitupa vidonge mtoni. Ukizifikia hizo, na utazifikia, tafuta mtu wa kusimama mlangoni. Usichague anayekupenda kwa vigelegele. Chagua yule atakayesema fungua kinywa.

Msumari wa kumi na nane ulifika mwezi wa kwanza, mahindi yakiwa magotini. Nilirudi kutoka Mbulu na karatasi ya mganga: picha ya kifua safi, makohozi safi, dawa zimekamilika. Bura aliisoma mara tatu, akaigeuza nyuma kuona kama kuna kitu.

"Tungoje mwezi mmoja," akasema.

"Baba Neema. Nimepona."

"Hata wiki mbili, basi."

Watu walikuwa wamejaa mbele ya ofisi, lakini safari hii kimya. Mikono ya Bura ilikuwa nyuma, na nilielewa kwamba haitakuja mbele. Hivyo nikaing'oa kadi mwenyewe. Boksi lilikuwa limelainika kwa mvua, maandishi yake yamefifia, yule mwanamke niliyemchora anaonekana kwa shida.

"Mwalimu," Mzee Gwandu akaita kutoka nyuma ya watu, na haikuwa dhihaka, "una hakika? Maana kikirudi, utasimama useme."

"Nitasema, mzee wangu," nikamjibu, nikaitundika Zilizokwisha.